Kiungo cha Kumi na Saba

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Mama anaendeleaje na kifua? Bado anafuta masizi dirishani kila asubuhi na kuwagombeza njiwa kana kwamba ndio walioyaleta?

Baba, nina jambo. Unajua kazi yangu huku kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia ni kupiga picha za mionzi pale mabomba yanapounganishwa kwa kuchomelewa, kukagua kila kiungo, kisha kutia saini. Bila saini yangu mtambo hauwashwi. Kiungo cha kumi na saba kina ufa mwembamba kuliko unywele. Nikikikataa, bomba litakatwa, litaagizwa jingine, na miezi kumi itapotea. Ni miezi kumi zaidi ya makaa ya mawe kuwaka nyuma ya nyumba yenu, maana mtambo wenu wa makaa hauzimwi mpaka wetu uwake.

Wenzangu wanasema ufa ule si kitu. Mtambo huu ni wa kisasa: umeme ukikatika, maji yanateremka yenyewe kutoka tangi la juu na kuupoza, bila pampu wala mtu. Ila maji hayo yanapita kwenye bomba hilohilo.

Muulize mama. Yeye ndiye anayekohoa. Akisema nisaini, nitasaini.

Binti yako.

19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yamegoma. Mama yako anakusalimu, na njiwa bado wanatukanwa.

Usisaini. Miaka thelathini na moja nilichochea makaa pale, na nilimwona mwenzangu akitolewa chumba cha boila, tangi la mvuke, amebebwa kwenye blanketi, kwa sababu mkaguzi aliona haya kuchelewesha kazi. Boila yetu ilipopasuka iliua mmoja. Hiyo yenu ingeua wangapi sijui, na sitaki kujua. Likatwe hilo bomba.

Mama yako nimemuuliza. Kasema vivyo hivyo, na kasema usimfanye yeye kisingizio. Eti miezi kumi si mingi. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Baba yako.

14 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima. Barua zangu tatu hamkujibu, nikajiambia labda posta wamelala. Mama hajambo?

Kiungo nilikikataa, na kipya ni kizima kabisa. Kabla ya kuwasha tulikata umeme makusudi, tukasimama mikono nyuma, na maji yakashuka yenyewe kama tulivyoambiwa. Nililia mbele ya mafundi, wakanicheka.

Sasa mtambo unafanya kazi. Hakuna moshi, baba, wala majivu. Mabaki ya nyuklia yapo, siwezi kukudanganya: ni machache, ni ya hatari, na yatalindwa miaka mingi baada yetu. Lakini hayaingii kifuani mwa mtu. Mtambo wenu unazimwa Jumatatu. Mwambie mama akae nje siku nzima.

Binti yako.

2 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua zako zote zilifika. Nilizisoma na kuziweka chini ya godoro.

Moshi umekoma kweli. Nguo nyeupe zinaanikwa na kuanuliwa zikiwa nyeupe. Hewa ni safi, hata mimi naisikia puani. Ila mama yako hawezi kuivuta. Tangu Septemba yuko kitandani na mtungi wa oksijeni, na daktari anasema mapafu yakishakakamaa hayarudi. Anasema hewa hii ingekuja mwaka jana ingesaidia.

Sasa nisikilize. Sikumuuliza. Barua yako ilipofika alikuwa amelala, nikamtazama, nikakaa nikaandika mwenyewe. Maneno yale nilimtungia. Niliogopa angesema usaini. Niliogopa zaidi angesema usisaini, ajitoe mwenyewe kwa ajili yetu sisi. Na hata leo barua ile ingefika upya, nadhani ningekujibu vilevile, na hilo ndilo linaloniumiza.

Wewe hukukosea. Ulifanya kazi yako.

Jana alinishika mkono akaniuliza, "Mbona walichelewa hivi?" Nikamwambia sijui, mambo ya mafundi. Leo asubuhi kaniuliza tena, na kesho ataniuliza. Njoo, mwanangu. Siwezi kumwambia, na siwezi kukaa naye chumbani bila kumwambia.

Baba yako.