Tanga la kina Amrit

Chepkemoi, uko hapo? Nimetoka kwa Amrit sasa hivi, hapa Kitale.

Unakumbuka 1994, baba yake aliponifukuza kazi dukani kwao? Ati nimeozesha tanga la kamashua kao ka Kilifi?

Na mimi nililiosha! Nilisuuza na maji baridi mpaka chumvi yote ikatoka, nikalianika kivulini siku mbili, likakauka kabisa. Ndio nikalikunja.

Leo tunakunywa chai, Amrit anacheka tu. "Chelangat, lile tanga nililichukua tena Pasaka bila kumwambia mzee. Nikalirudisha kwenye gunia likiwa bado na maji ya chumvi. Ndio likashika ukungu."

Nikamuuliza, "Na ukanyamaza nikifukuzwa?"

"Si ulikuwa mfanyakazi tu?"

Mfanyakazi tu! Amrit huyu aliyekuwa akila ugali kwetu Kiminini, mama akimwita mwanangu! Mfanyakazi tu!

Mama alikufa akiamini mimi ni mzembe.

Nimemwambia twende kaburini sasa hivi, amwambie mama yeye mwenyewe. Hata hakuinuka kwa kiti.