Abiria Aliyejiongezea Kilo

Mama Rehema wangu,

Halua yako imefika salama, ingawa kipande kimoja kilipotea njiani na usiniulize. Asubuhi hii kuna kibaridi kizuri. Tumekaa kibarazani kwa mwanetu hapa Arlington, Marekani, tunakunywa chai, na helikopta zinapita juu ya mto. Nikamsimulia enzi zangu za urubani Uingereza, nilivyokuwa nikiwapeleka matajiri kwenye mashindano ya farasi kwa helikopta za kukodi. Kabla ya kuruka ilibidi nimuulize kila mtu uzito wake, na kila mtu alijipunguzia. Bwana tumbo limemtangulia, mkewe kajaa kiti, wote eti wepesi kama unyoya. Basi nikazoea kumpima mtu kwa jicho tangu anaposhuka garini, na kilo nikaongeza mwenyewe.

Rehema alicheka. Nikamuuliza, "Na wewe abiria, kilo ngapi?"

"Sabini, Baba. Huku nimenenepa mno."

Lakini jicho langu lilishampima tangu aliponipokea uwanja wa ndege, na suruali yake inashikiliwa na mkanda tu. Miaka yote ile sikupata abiria aliyejiongezea uzito. Nilimkatia halua, akaimega kidogo, akasema ataimalizia akitoka kazini.

Tiketi yangu nimeisogeza mbele, kwa hiyo kadi hii itakukuta mimi bado niko huku. Mchuzi naupika mwenyewe, na anakula kwa kunihurumia. Nazi zinauzwa hapa, mke wangu. Mkono wako ndio tumeukosa.

Baba Rehema