Uzi Uliokatwa Kwenye Sura ya Mwisho

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA MWAKA HUU CHA WASOMAJI WA JUMAMOSI
Tarehe: 14, mwezi wa sita
Mahali: Chumba cha nyuma, duka la Fundi Cherehani

Waliohudhuria: Nesi Mstaafu (Mwenyekiti), Karani wa Posta (Katibu), Fundi Cherehani (mtunza kitabu), Kinyozi, Fundi Saa.
Asiyehudhuria: Dada Mkubwa, mwasisi, mke wa Fundi Saa – bila udhuru (tazama Kumb. Na. 5/7).

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na robo, baada ya kumsubiri Kinyozi, aliyesema asingeweza kumwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu.

KUMB. NA. 2/7: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Kinyozi alilalamika, kwa mara ya tano, kwamba Dada Mkubwa alifariki miezi minane iliyopita na Katibu bado anamwandika. Katibu alijibu kwamba kikatiba mjumbe huondolewa kwa barua yake mwenyewe, na barua hiyo haijafika. Kinyozi alisema Katibu ana kichwa kigumu. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/7: KITABU CHA PILI
Wajumbe waliafikiana kwamba kitabu cha pili cha hadithi za yule binti wa mtia rangi nguo, anayeshika nguo na kuona aliyoyatenda mwenye nguo, kimekipita cha kwanza. Safari hii anamsaka aliyemtilia sumu mwandishi wa mfalme, na maono yanamjia nusunusu. Mwenyekiti alikiri kuunguza sufuria mbili akikisoma. Fundi Cherehani alisema siku hizi kila nguo ya mteja anaishika kwanza, anasubiri. "Sioni kitu, ila vifungo vilivyokatika."
Ilikumbukwa kwamba Dada Mkubwa alikingoja kitabu hiki miaka miwili, nacho kikafika wiki tatu baada ya maziko yake.

KUMB. NA. 4/7: UZI KUKATWA
Fundi Cherehani, ambaye hushona sura ya mwisho kwa uzi mwekundu ili ifunguliwe kikaoni tu, alieleza kwamba kitabu kilirudi kutoka kwa Fundi Saa kimeshonwa kwa uzi mweusi, "tena vibaya." Kinyozi, aliyewahi kusimamishwa vikao viwili kwa kuchungulia, alitaka mkosaji afukuzwe.
Fundi Saa alikiri. Alieleza kwamba enzi za uhai wa mkewe alikuwa akimsomea vitabu, na kabla ya ukurasa wa mwisho mkewe alikuwa akimsimamisha na kumtaja mhalifu wa hadithi, wala hakukosea hata mara moja. Alimwahidi kumsomea na hiki cha pili. Basi Jumapili aliweka kiti cha mkewe dirishani, akasoma kwa sauti, akanyamaza palepale pa siku zote. "Nikasubiri aseme. Chai ikapoa. Nikashona."
Ukurasa wenyewe hakuusoma. Kinyozi aliondoa hoja yake.

KUMB. NA. 5/7: SURA YA MWISHO
Fundi Saa aliombwa asome yeye. Alipofika ukurasa wa mwisho, Kinyozi alinyoosha mkono. "Ngoja kwanza. Tumpe nafasi yake."
Kikao kilisubiri. Katibu hakutazama saa, kwa hiyo muda haukuandikwa. Kisha ukurasa ulifunuliwa, na aliyetia sumu akawa mtu ambaye hakuna mjumbe aliyemdhania. Fundi Saa alisema, "Yeye angemjua," na wote walikubali. Katibu anaomba iandikwe kwamba alimkumbuka Dada Mkubwa mno.
Kinyozi alitoa hoja kwamba maneno "bila udhuru" yafutwe, yasomeke "ana udhuru", na jina libaki. Hoja ilipita bila kupingwa.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja na nusu. Viti sita vilirudishwa ukutani.

........................ Mwenyekiti
........................ Katibu