Honi ya Zizini

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Nimekamua. Maziwa kidogo, nyasi zimekauka. Chacha, mume wa binti yangu Gati, amekuja na betri ya lori na honi yake. Anazifunga langoni mwa zizi. Mwizi akivuta mti wa lango, kijiswichi kinashika, honi inalia. Jirani yetu, wezi wamemsombea ng'ombe wote juzi. Hawa wangu ni mahari ya Gati, na ndio Marwa mwanangu atakaoolea. Wakienda, Marwa habaki na kitu.
Na mkwe sisemi, wala simtazami. Ndiyo mila ya mama mkwe. Maneno anapeleka Gati.

Jumatano, 6 Agosti
Chacha amejaribu. Honi ikalia, na mti uliporudishwa haikunyamaza. Moshi ukatoka kwenye kijiswichi. Chacha yuko nyuma ya nyumba anafurahia mlio. Gati kaenda mtoni. Nimwiteje? Nikamgeukia ng'ombe mwekundu, nikapaza sauti:
"Wewe ng'ombe, langoni panaungua, na mwenye kufunga anacheka tu!"
Chacha alisikia. Akaja mbio, akachomoa waya. Kijiswichi kimeungua, kimegandamana. Betri imekwisha. Ndama wameruka ua. Nimekasirika mpaka sasa.

Alhamisi, 7 Agosti
Gati kaleta neno. Honi inakula umeme mwingi. Kile kijiswichi ni cha simu mbovu, kilizoea umeme kidogo. Mtoto mchanga kabebeshwa mtungi. Sasa kitafanya kama mimi na mkwe: hakitaigusa honi. Kitatuma neno kwa swichi kubwa ya sumaku, ya lori, na hiyo ndiyo itaisemesha honi.
Nikamwambia Gati, muulize mbona hakuanza hivyo. Alipoondoka nikacheka peke yangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Betri imerudi kutoka Tarime ilikopelekwa kuchajiwa. Honi ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Uvivu huo, kafunga waya mwembamba tena mrefu. Nikamtuma Gati na matusi kidogo. Chacha kaweka waya mnene, mfupi, betri chini ya honi pale pale. Ikalia vizuri. Mti uliporudishwa, kimya. Nikaagiza waifunike kwa bati, mvua haina adabu.

Jumanne, 12 Agosti
Alfajiri, kibuyu cha kukamulia mkononi, honi ikalia. Marwa katoka na mkuki, majirani nyuma yake. Mti mmoja wa lango umevutwa nusu. Nyayo za watu zinaelekea bondeni, za ng'ombe hakuna. Wote wamo. Nilimgusa kila mmoja.

Jumatano, 13 Agosti
Kumetulia. Chacha kaja kupima betri. Amekaa upande wa pili wa ua, mimi nakamua. Gati akaniuliza kama nina neno la kupeleka. Nikasema sina. Nikamwambia ng'ombe mwekundu:
"Aliyefunga honi ile, Marwa ataoa kwa sababu yake."
Nyuma ya ua mtu akakohoa kidogo. Nikaendelea kukamua.