Makala ya Shosho Nyaguthii Imebaki

Muthoni, dada yangu,

Imebaki. Nimeona nianze na hilo kabla ya salamu, maana najua ungenikatiza, "Halima, wewe unazunguka sana, sema kitu." Basi nimesema. Makala yako ya Shosho Nyaguthii, yule bibi mpagazi wa Naro Moru, haifutwi tena kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, na yule yule aliyetaka ifutwe ndiye aliyeandika kwamba ibaki.

Sasa salamu. Sisi wazima. Baridi ya Nyeri ni ile ile. Pale dukani ulipokuwa ukiuza mbegu na dawa za ng'ombe wamemweka msichana mwingine, mpole tu, lakini mimi bado hupita ng'ambo ya pili ya barabara. Bado siwezi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mashada yalikuwa hayajakauka juu ya kaburi lako kule Othaya, Njogu akanipigia simu. Njogu huyu huyu fundi wa simu uliyemfundisha kuhariri makala, na sasa anajiona profesa. Akasema, "Madam, fungua ile page ya shosho. Imewekwa bango." Nikafungua. Juu kabisa palikuwa na ilani: makala hii imependekezwa kufutwa. Haina vyanzo vya kuaminika. Haionyeshi kwa nini mtu huyu ni muhimu. Wahariri walipewa wiki mbili za kujadiliana, kisha msimamizi aamue.

Nililia, Muthoni. Siku ya mazishi sikulia hivyo, nilikuwa na kazi ya kumshika mama yako. Lakini siku hiyo nilikuwa peke yangu katika chumba cha walimu, na insha za wanafunzi mbele yangu, nikalia mpaka karatasi zikalowa. Ile ndiyo makala yako ya mwisho. Uliiandika hospitalini, simu ukiishika kwa mkono usiokuwa na dripu, ukinitumia aya moja moja nikunyooshee Kiswahili. Uliandika, "Mama hii alibeba mizigo ya wageni mpaka juu ya mlima." Nikakurekebisha: mama huyu. Ukanijibu, "Hii, huyu, si ni mama tu?" Nilicheka mbele ya darasa zima. Vyanzo ulisema utaviweka ukipona.

Basi. Jumamosi tukakutana, kikundi chako chote cha kujitolea. Kabla hata hatujakaa, Njogu alikuwa ameshaweka ukurasa wa hoteli moja unaomtaja shosho. Yule mhariri aliyeleta pendekezo, hatumjui anaishi wapi, akajibu kwamba hoteli inajitangaza yenyewe, hicho si chanzo huru. Akaja mwingine akaandika: ifutwe. Akaja wa tatu: ifutwe. Njogu akakunja uso, akaanza kuandika matusi. Nikamshika mkono. "Muthoni angesema nini?" Akashusha pumzi. "Angesema, usibishane na mtu, tafuta gazeti."

Tukatafuta. Mimi nilikwenda maktaba kila nikitoka shuleni, nikafunua yale magazeti ya zamani yaliyofungwa pamoja, makubwa kama mlango, vumbi mpaka kwenye buibui langu. Nikatafuta Nyaguthii, mwanamke aliyewaongoza wenzake kudai kazi ya upagazi mlimani wakati ilipokuwa ya wanaume peke yao. Hakuna. Njogu naye akatafuta mtandaoni. Hakuna. Ilifika mahali, nakwambia kweli, nikaanza kudhani yule mhariri ana haki.

Nikaona heri niende Naro Moru nimwambie shosho mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikamweleza habari yote ya makala. Akanisikiliza, mikono haikusimama. Kisha akauliza, "Kwani mimi si mtu mpaka gazeti iseme?"

Mimi mwalimu, nikainama tu nikachambua naye maharagwe.

Akanihurumia, nafikiri, maana akauliza tena, kwa upole, "Na wewe unatafuta jina gani huko kwa gazeti?"

"Nyaguthii."

"Ai! Nyaguthii ni ya nyumbani. Hao watu ya gazeti niliwaambia Lucia. Lucia Wachira, jina ya kanisa na ya mzee wangu. Ati mgeni wa siku moja nimpatie jina ya nyumbani?"

Muthoni! Nilimkumbatia mpaka maharagwe yakamwagika. Nikampigia Njogu papo hapo, na kabla sijafika Nyeri alikuwa amenitumia kurasa za kitabu cha mpanda milima mmoja, na ndani yake Lucia, anasimama langoni pa mbuga na wanawake nyuma yake, anakataa kurudi nyumbani. Kesho yake maktaba nikalipata gazeti. Ukurasa wa ndani, picha kubwa: shosho akiwa kijana, mzigo mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, anamtazama mpiga picha kama anayemdai. Nikasema "Alhamdulillahi!" kwa sauti. Mhudumu akaja kuninyamazisha, akaiona ile picha, akaita wenzake. Tukasimama wote pale tukimtazama.

Jumamosi iliyofuata tukaingia kazini. Mmoja alipata tasnifu ya chuo kikuu kuhusu wapagazi wa mlima, nayo inamtaja. Mwingine akapanga marejeo. Mimi nikanyoosha lugha, lakini sentensi zako sikuzigusa zaidi ya lazima. Tukaweka jina lake kamili, Lucia Nyaguthii Wachira. Njogu akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa adabu, nami nikasoma kabla hajabonyeza. Kisha tukakaa. Hakuna aliyekunywa chai. Tulikuwa tunaitazama ile skrini kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe.

Yule mhariri akajibu: "Nimesoma vyanzo vyote. Vinatosha kabisa. Naondoa pendekezo langu, makala ibaki." Wale wengine wawili wakafuata, wakafuta kura zao. Msimamizi akaondoa bango. Njogu akapanda juu ya kiti akacheza, fundi mzima, mpaka kiti kikavunjika mguu. Tulicheka tukilia. Na ungemwona yule mhariri baadaye! Akarudi kurekebisha tarehe, akapanga picha vizuri, akatuuliza kama tuna wanawake wengine wa mlimani ambao hawajaandikwa. Tukamwambia akae tayari.

Tulimpelekea shosho. Wanawake wapagazi walikuwa wameshuka mlimani, wakatua mizigo uani kwake, tukamsomea makala yote kwa sauti. Tulipofika mwisho wakapiga vigelegele vya kuamsha kijiji. Yeye aliinua mkono wanyamaze. "Soma tena pale pa lango." Tukasoma tena. Akaomba mara ya tatu, tukasoma, naye akawa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayethibitisha hesabu.

Halafu akauliza, "Nani aliandika?"

Nikabonyeza palipoandikwa historia, nikashuka mpaka chini kabisa, mhariri wa kwanza. Jina lako. Liko pale, Muthoni, na halitoki. Akaweka kidole juu yake, skrini ikaruka, akashtuka. "Ni yule alikuwa anakuja na mandazi na maswali mengi?" Nikasema ndiye. Hakuwa akijua kwamba umekufa. Ilibidi nimwambie mimi. Aliitazama tena ile skrini, kisha akasema, "Mwambie ameniweka vizuri. Mwambie asante."

Nikamwambia nitakwambia. Ndiyo maana ya barua hii.

Wewe kwenu mnasema Mungu, kwetu tunasema Mwenyezi Mungu, na nadhani ni yeye mmoja aliyekupokea. Akulaze pema. Pumzika, dada yangu, mkono ule hauna dripu tena. Makala zako zote nimeziweka kwenye orodha ya kuangalia, mtu akigusa hata nukta naona. Na jana nimefungua ukurasa wako wa majaribio, nikakuta umeacha nyingine ya mama mmoja mkunga. Umeandika, "Mama hii alizaliwa Kianyaga na", ukaishia hapo.

Nakuahidi, Jumamosi naenda Kianyaga. Nitaendelea kutoka hapo.

Halima wako