Afisa Kasema Najiweza

Shosti, uko wapi? Nina wivu mpaka kichwa kinagonga.

Jirani yangu wa mlango wa pili, yule fundi cherehani, kapunguziwa kodi nusu. Nusu, shosti. Yangu imebaki pale pale.

Si nilikuambia leo afisa wa nyumba za serikali anapita kuangalia hali ya kila mpangaji, ndipo wapange kodi mpya? Mimi nikajiandaa kama napokea wakwe. Nikapiga deki, nikatundika mapazia mapya, nikaazima na makochi. Afisa akakaa, akazungusha macho, akasema, "Hongera mama, wewe unajiweza."

Nikamwambia asante. Nilisema asante, mimi huyu.

Akaingia kwa fundi. Kuta zetu unazijua, nilisikia kila neno. Kamkuta sebule tupu, anashona amekalia ndoo. "Pole sana mama, hata pa kukaa huna." Hapo hapo akamwandikia punguzo, na mtu wa ustawi atakuwa anamtembelea kila mwezi.

Sasa hivi fundi yuko mlangoni kwangu, anatabasamu, karatasi yake mkononi.

Kafuata makochi yake.