Duka Limerudi, Rama Hayupo

Jumanne, 10 Februari 2015. Kibondo

Nimefagia. Nimewasha kompyuta tatu, ya nne bado inagoma. Chiza wa bodaboda kafika kabla sijapanga viti. Swali lake ni lilelile: Dada Mwamini, Duka limerudi? Halijarudi. Linarudi lini? Sijui, mimi si mwenye mali.

Duka ndilo hilo duka la gemu la mtandaoni. Wateja wangu wote wananunua humo na kukutana humo na wachezaji wa nchi nyingine. Limefungwa tangu Novemba. Ukilifungua unakuta maandishi kwamba mafundi wako kazini. Mafundi gani hao wa miezi yote hii. Vijana wanacheza gemu za zamani zilizobaki kwenye mashine, wanachoka, wanaondoka.

Rama alikuwa akilichungulia kila asubuhi kabla ya chai. Kafa Desemba, hakuliona likifunguka. Chumba hiki kilikuwa chake. Mimi dada yake nimerithi viti na maswali ya Chiza.

Ijumaa, 13 Februari

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili. Mama kaleta uji mchana akakaa kwenye kiti cha Rama kama kawaida yake. Hatuzungumzi sana siku hizi. Tukizungumza tunaishia palepale.

Watu wanasema heri amepumzika. Ni kweli aliteseka. Selimundu tangu utotoni, mifupa ikimuuma hadi anauma shuka. Lakini mimi sikumchoka. Wanaosema amepumzika ndio waliochoka, na wala hawakumuuguza.

Jumamosi, 28 Februari

Limerudi. Chiza kapiga ukelele mpaka muuza nyama wa jirani akatoka na kisu chake mkononi. Ndani ya nusu saa chumba kimejaa, wengine wamesimama mlangoni. Duka linaomba radhi kwa kila mtu: ingia kwa jina lako, chagua zawadi moja. Chiza kachagua gari jekundu la mashindano. Furaha yake utadhani ataliendesha hadi Kasulu.

Wakati wamechangamka hivyo nikaingia kwa jina la Rama. Neno lake la siri alinipa mwenyewe hospitali. Duka likanisalimu kwa Kiingereza. Karibu tena, Rama. Asante kwa subira yako. Chagua zawadi.

Nimezima kila kitu. Nimewaambia modemu imeharibika, waende zao. Wamenuna. Na wanune.

Jumapili, 1 Machi

Nimefungua tena, peke yangu, mlango umefungwa kwa ndani.

Kuna drafti ya Rama na Deo. Iko vilevile walivyoiacha Novemba, kete kila moja mahali pake. Juu imeandikwa zamu ya Rama.

Deo ni Mrundi, kakulia kambini. Rama aliposoma kompyuta Kasulu walikuwa dawati moja. Mama yake Deo alikuwa anauza maharage na mihogo nje ya chuo, na Rama alipozidiwa ni mama huyo aliyekesha naye hospitali hadi sisi tukafika. Hilo hatujalisahau nyumbani. Kambi yao ilipofungwa wakarudi kwao Burundi, upande wa Ruyigi. Mtandao wetu haubebi gemu za mpira, kwa hiyo wao walicheza drafti, hatua moja leo, nyingine kesho. Maneno yao yote yalipita humo, chini ya bodi. Deo amebadilisha laini, na laini ya Rama nayo haipo tena. Wamebaki na Duka tu.

Na Duka lilipofunguka Deo kaandika. Rama umeona limerudi, zamu yako, unaumwa bado au umepona?

Hajui. Miezi yote hii kuna mtu hajui.

Jumatano, 4 Machi

Nimemuuliza Mama kwa kuzungukazunguka, mtu wa mbali anaambiwaje msiba. Kanishangaa. Kama mtu yeyote, kasema. Anakwenda mtu wa nyumba hiyo, anakaa, mwenye kuambiwa anakaa, ndipo linasemwa. Baba alipofariki, baba mkubwa kule Gwarama alikuwa na simu, tena inashika vizuri. Bado alipelekewa mtu kwa baiskeli. Kwenye simu unasema mgonjwa kazidiwa, basi. Msiba unapelekwa kwa miguu.

Sikumwambia ni nani ninayemuwazia. Gwarama ni hapo tu. Ruyigi kuna mpaka katikati. Lakini kuandika jambo hilo chini ya bodi ya drafti, pembeni matangazo ya magari yanawaka na kuzima? Siwezi. Nimejaribu mara tatu nikafuta.

Ijumaa, 6 Machi

Nimesogeza kete.

Moja tu. Najiambia ni kusubiri nimpate mtu anayekwenda Ruyigi, nimtume kwa niaba ya nyumba. Deo kajibu kabla ya adhuhuri. Kala mbili. Kaandika, umelala?

Jumanne, 24 Machi

Nimefungwa michezo miwili. Deo anasema dawa za hospitali zimeniharibu kichwa. Nilicheka kwa sauti, kisha nikaona aibu. Sasa najua kuandika kama Rama, bila nukta, bila salamu ndefu. Nimemuuliza, mama hajambo? Hakujibu, kasogeza kete. Nilivyo na haraka ya kushinda sikuuliza tena.

Mfanyabiashara wa mawese anayevuka mpaka kupitia Mabamba nimempata. Kasema msimu huu havuki, kule kuna maneno ya uchaguzi, watu hawaaminiani. Nilipaswa kusikitika. Nilifurahi. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya.

Jumapili, 12 Aprili

Mama kaniuliza mbona siku hizi nawahi kufungua. Nikasema biashara imechangamka tangu Duka lirudi. Ni kweli, lakini sicho kinachoniwahisha.

Yuko mtu mmoja duniani anayemwita Rama na kungoja aitike. Nikimwambia, hatakuwepo hata huyo mmoja.

Jumatatu, 27 Aprili

Redio asubuhi hadi jioni ni Burundi. Deo anaandika kidogokidogo. Vijana wanazunguka mitaani na marungu, wanaandika alama kwenye milango. Jirani zake wawili wamehama. Anakofanyia kazi wamefunga, mtandao anaupata kwa rafiki. Bado anasogeza kete. Mimi nasogeza. Hatuna akili, wote wawili.

Alhamisi, 7 Mei

Kaandika leo. Rama nije? kama wewe upo nitakuja, kama haupo sina pa kwenda, nitabaki hapahapa liwalo na liwe.

Nimekaa mbele ya maneno hayo mpaka Chiza akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa na majibu mawili. Kama nikisema ukweli, atabaki, na kubaki ni kufa labda. Na nitakuwa nimembebesha msiba kwa maandishi, peke yake, katika hali ile.

Nimeandika: njoo.

Halafu nikaweka namba ya simu ya Mama, maana yangu iko kwa fundi. Nitaishika mimi hiyo simu hadi afike. Nimeshatuma.

Jumapili, 17 Mei

Kimya. Zamu yake, hasogezi.

Watu wanasema wakimbizi wa Burundi wanaingia Kasulu kwa mabasi, wanatoka ziwani wameugua, watoto wanaharisha. Kila mteja ana habari yake na kila habari ni mbaya kuliko ya kwanza. Siwezi kula. Mama anadhani ni malaria, kanipeleka kupima. Sina malaria.

Kama kafia njiani, kaitwa na marehemu. Na mkono ulioandika ni huu.

Jumamosi, 23 Mei

Siku zote nimekaa na simu ya Mama kiunoni. Leo nimekwenda bombani kuchota maji nikaiacha juu ya kabati. Dakika za kwenda na kurudi tu.

Nimerudi nimemkuta Mama amekaa chini uani, simu iko mapajani. Deo kapiga kutoka Kasulu, kwa simu ya kuazima. Yuko kambi ile nyingine ambayo haikufungwa, wageni wapya wamelazwa kwenye madarasa ya shule. Kamsalimia Mama vizuri, kamwomba ampe Rama. Kasema, Rama ndiye aliyeniita, Mama, tunaandikiana kila siku.

Mama kamjibu Rama hayupo karibu, tutakuja sisi. Hakuvunja utaratibu hata hapo.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama na ndoo. Drafti, maandishi, njoo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Umemfufua mwanangu bila kuniuliza."

Nilitaka kusema na mimi nilikuwa namtaka. Nikatua ndoo. Hajazungumza nami tena tangu hapo.

Jumatatu, 25 Mei. Kasulu

Tumeondoka na basi la kwanza, viti viwili vya kupakana. Barabara ina matope bado. Mama kavaa kanga zake za msibani, kabeba mfuko wa unga na maharage. Nilidhani anakwenda kunifokea mbele ya mtu. Nilijiambia nastahili.

Tumemkuta kwenye soko dogo karibu na lango la kambi, alikomwambia Mama kwamba atatungoja. Kakonda, sikumtambua mara moja. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akachungulia nyuma yetu. Alikuwa anamtafuta Rama kati ya watu walioshuka.

Mama akatafuta benchi la mama ntilie. Akakaa, akapigapiga benchi kwa kiganja kumwonyesha Deo mahali pa kukaa. Deo alipoona anaelekezwa kukaa, akajua. Wote tumelelewa hivyo. Hakutaka kukaa. Alisimama pale muda, ameshika nguzo ya kibanda, na Mama akamngoja. Kisha akakaa.

Mama akasema kwa Kiha, taratibu. Mwenzako katutoka. Mwezi wa kumi na mbili.

Nilimwona anahesabu. Desemba. Machi. Mei. Akanitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia Mama.

"Aliyeniambia njoo ni nani?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono gotini akanibana kweli.

"Ni nyumbani," akasema. "Nyumbani ndiko kulikokuita. Nyumba ipo."

Deo kafunika uso kwa kofia yake. Hakulia kwa sauti. Mama ntilie katuletea chai ambayo hatukuagiza, akaondoka. Tumekaa hapo hadi basi la kurudi lilipokaribia. Hakuniuliza kitu chochote. Ningependa aulize, hata anitukane. Tulipoagana alimshika Mama miguu. Mimi kanipa mkono, mmoja.

Ndani ya basi Mama kasema jambo moja tu. Kwamba siku nyingine nikiwa na mzigo nimwambie, yeye si mgeni wangu.

Alhamisi, 4 Juni

Duka linafanya kazi, chumba kimejaa, pesa inaingia. Sijaingia kwa jina la Rama tangu turudi. Chiza kaniuliza kwa nini sichezi drafti tena, alizoea kunitania nikifungwa. Nimemwambia nimechoka kufungwa.

Mama ameanza kunisemesha. Leo kanikosoa mchuzi, chumvi nyingi. Nimefurahi.

Jumapili, 14 Juni. Kibondo

Deo kaja. Kapewa kibali cha kutoka kambini, anatakiwa arudi kesho. Kafika amechafuka vumbi, Mama kampelekea maji bafuni kwanza, kisha chai. Hakutaka kupumzika. Kaomba aonyeshwe kaburi.

Tumekwenda watatu. Mimi nilikuwa na neno langu la kumwomba radhi, nimelipanga usiku mzima. Njiani nikamwanzia. Akasema tuache kwanza, yeye pia ana la kusema na analo tangu mapema kuliko langu. Nikadhani sasa ananifokea.

Kaburi halijajengewa, ni udongo na kibao. Akauliza kichwa kiko upande gani. Nikamwonyesha. Akavua kofia akakaa chini kabisa, udongoni, upande wa kichwani. Mama na mimi tukarudi nyuma kidogo kumwachia nafasi, lakini pale ni kimya, na Kirundi na Kiha si mbali. Tulisikia kila neno.

"Rama," akasema, "mama yangu alikufa Januari. Sikukuandikia. Nilitaka nije nikae ndipo nikwambie."

Akamweleza. Homa ilivyoanza, alivyokosa gari la kumpeleka hospitali, mama alivyomtaja Rama akiuliza, yule mtoto wa Kibondo anakula vizuri siku hizi? Nilipomuuliza ile Machi kama mama hajambo, alikuwa tayari kamzika. Alisogeza kete kwa sababu asingeweza kuandika. Mimi nilisogeza kwa sababu hiyohiyo.

Mama hakunitazama. Alikwenda akakaa udongoni pembeni ya Deo, na kanga zake safi, akamuuliza habari za ugonjwa wa mama yake tangu mwanzo, kama inavyotakiwa. Deo akaanza upya kumwambia yeye. Waliendelea muda mrefu. Nikawaacha, nikarudi nyumbani kupika.